Dada Mkubwa wa Masika

Alhamisi, 12 Juni. Asubuhi ukungu ulifunika milima, kisha manyunyu.

Bado namfikiria yule mama wa halmashauri ya mji. Kwa sheria mpya, baa yoyote ya hapa Bwera ikikutwa na mhudumu aliye chini ya miaka kumi na minane inafungwa, na meneja wa hii yetu ni mimi. Zamani watu wa halmashauri walikuja na fimbo, wakawapakia wasichana wote kwenye gari. Huyu alikuja mchana, peke yake, akaagiza soda.

Akaangalia vitambulisho. Cha msichana wetu mpya kilisema Masika, mtu mzima. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekikubali.

"Masika, dada yako mukubwa iko muzima?" akamuuliza.

"Iko muzima, afande. Iko Kasese."

Mpishi alicheka mpaka akashika meza. Mkonzo gani asiyejua kwamba kwetu jina Masika hupewa binti wa kwanza? Dada mkubwa atamtoa wapi? Msichana akaanza kulia. Yeye ni Kabugho, binti wa tatu, ana miaka kumi na sita. Kitambulisho ni cha dada yake.

Nilijua tumefungiwa.

"Usilie, mutoto. Leo unarudi kwenu," yule mama akamwambia. Kisha akanigeukia. "Na wewe meneja, jina?"

"Biira."

"Binti wa pili! Kumbe wewe ndiye uko na dada mukubwa. Basi musalimie."

Akamaliza soda, safari hii akatuachia leseni ya baa, akaondoka na mtoto kumpeleka kwa mama yake. Hakupaza sauti hata mara moja.

Saa saba usiku. Sasa nalala.