Kitanda cha Amable

Miches, 20 Januari 1974

Kwako dada Obdulia,

Mungu akubariki wewe, na Evaristo, na huyo mpwa wangu ambaye mpaka leo sijamtia machoni. Mimi mzima, mgongo tu unalalamika. Hujambo? Baridi ya mlimani imepungua, au bado mnalala na soksi?

Chago, yule dereva wa lori la vitunguu saumu, atakushushia mzigo uliofungwa kwa magunia. Usimwache mumeo aufungue kwa panga, namjua. Ni kitanda cha Amable, cha kubembea, na hakina msumari hata mmoja. Mbao nimezipata bure. Kimbunga cha mwaka juzi kiling'oa mti ufukweni, ukalala juani mpaka gome likaanza kubanduka lenyewe. Shina lake lilizungushiwa mstari wa rangi nyekundu, nikafurahi, maana unakumbuka huko kwetu bwana misitu akipaka mti rangi nyekundu ndiyo ruhusa ya kuukata. Hata hivyo nilingoja mwezi uanze kupungua ndipo nikapasua, kama baba alivyotufundisha, ili wadudu wasiingie. Mbao zina rangi ya asali, utadhani zimepakwa. Sikutia vanishi. Nimesugua nta tu, maana najua watoto wanatafuna.

Canelo, mbwa wangu, amehamia kwenye maranda chini ya meza ya kazi, anajiona amepata godoro. Ovidio kinyozi yuko mji mkuu kwa binti yake, kwa hiyo sina wa kucheza naye dhumna wala wa kunicheka. Nimechoka kujisifu peke yangu.

Kaka yako,
Nicanor

Tireo, 3 Februari 1974

Kaka yangu mpenzi,

Naomba baraka zako, na Amable naye anaomba za mjomba wake. Sisi tupo. Mgongo wako vipi? Jipake mafuta ya kafuri, usijifanye kijana.

Kitanda kimefika na majirani wote wamekuja kukishika. Evaristo alikifungua kwa panga. Ni kizuri mno, kaka, nililia nilipokiona. Amable anaota meno, basi anasimama ameshika ukingo na kuutafuna kama muwa.

Ila nina hofu, na sina wa kumwambia ila wewe. Tangu juzi analia kila nikimlaza. Midomo imevimba, na kidevuni kuna malengelenge. Mama mkwe, Bi Fidelina, anasema ni jicho baya. Mwanamke mmoja wa sokoni alimsifu bila kusema Mungu ambariki, akaenda zake. Tumemfunga mkononi jiwe jeusi, na Bi Fidelina amekataza asitolewe nje. Ashinde kitandani, amefunikwa shuka, asionwe na mtu. Nimemtii. Usiku nalala nimeshika ukingo wa kitanda ili nijue kama anapumua.

Nilipokuwa mdogo, mama alinifanyia nini? Wewe unakumbuka.

Dada yako,
Obdulia

Miches, 5 Februari 1974

Dada,

Mungu akubariki. Sijapata barua yako bado, natumaini kitanda kimefika salama. Ninyi hamjambo?

Huku nina huzuni kidogo. Canelo ni mgonjwa. Macho yamefumba, mdomo umechubuka, hataki hata mkia wa samaki. Nadhani kuna mtu amempa sumu. Nimemlaza vizuri kwenye maranda mapya, mengi, apate joto. Kesho napasua kiini cha ule mti, bado kina unyevu, nimtengenezee Amable kigoda. Mikono inaniwasha. Mwambie asikue haraka, kigoda kiwahi.

Kaka yako,
Nicanor

Tireo, 9 Februari 1974

Kaka,

Baraka zako. Leo siulizi habari, nisamehe.

Jicho moja la Amable limefumba na la pili linafuata. Mganga wa bondeni amekuja. Amechemsha majani, akatuagiza tumwogeshe mtoto humo humo kitandani, maji yamwagikie mbao, na alale hapo hapo zikiwa zimelowa, alfajiri tatu. Leo ilikuwa ya kwanza. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mgongoni ametoka wekundu kama aliyeungua. Evaristo alitaka kumpeleka kwa daktari wa Constanza. Bi Fidelina akamwambia, "Ukimpitisha mtoto barabarani na jicho la watu, utarudi na sanduku." Mume wangu akavua kofia, akakaa.

Naogopa, Nicanor. Naogopa alfajiri ya kesho.

Obdulia

Miches, 12 Februari 1974

Dada Obdulia,

Anayeandika ni mimi Ovidio kinyozi. Maneno ni ya Nicanor, isipokuwa pale nitakapomkatiza. Macho yake yamevimba na kufumba tangu alipopasua kile kiini. Yuko hapa kando, ananishika shati.

Mtoe mtoto kitandani sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mtoe.

Hapa ni mimi Ovidio: nilirudi jana kutoka mji mkuu, nikapita uani kwake, nikaona gogo lenye mstari mwekundu. Nikamwuliza, "Nani kakupa huu mti?" Akaniambia, kwa fahari kabisa, eti una ruhusa, umepakwa rangi. Dada, huku pwani rangi nyekundu haiwekwi kwenye mti wa kukatwa. Inawekwa kwenye manzanillo, ili mtu asiuguse, wala asijikinge mvua chini yake. Utomvu wake unaunguza ngozi na unapofusha. Mtoto wa huku anaujua kabla ya kujua kusali. Ninyi wa milimani nani angewaambia?

Ndipo nikamsomea barua zako zote mbili, zilizokuwa zinangoja msomaji mezani kwake. Nilipofika kwenye midomo iliyovimba alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Sasa maneno yake. Dada, si jicho la mtu, ni mimi. Hakuna aliyemroga mtoto. Usimwogeshe humo, maji ndiyo yanautoa utomvu. Mwoshe mbali na kitanda, kwa sabuni na maji mengi, macho yake kwa maji safi peke yake. Shuka na nguo zitupwe. Kisha mpelekeni kwa daktari, hata kama Bi Fidelina atalala mlangoni. Kitanda usikishike kwa mikono mitupu, na kiangamizwe, kisibaki hata kipande. Tulijaribu kupeleka telegramu. Posta wanasema nyaya za milimani zimelala chini tangu mvua. Nami sioni njia ya kuja.

Nisamehe.

Kaka yako,
Nicanor, kwa mkono wa Ovidio

Miches, 13 Februari 1974

Dada Obdulia,

Ni Ovidio tena. Nicanor hakulala. Kulipopambazuka aliniuliza nimeandika neno gani kuhusu kitanda, nikamwambia, kiangamizwe. Akasema, "Ovidio, kule kwetu ubao hauna mwisho mwingine. Watauchoma."

Maneno yake ni haya. Kwa ajili ya marehemu mama yetu, msikichome. Moshi wake ni mbaya kuliko utomvu. Kizikeni, shimo refu, mbali na kisima na mbuzi. Chago ameapa hatalala njiani. Namwomba Mungu barua hii iipite ile ya jana.

Kaka yako,
Nicanor, kwa mkono wa Ovidio

Tireo, 21 Februari 1974

Kaka Nicanor,

Mimi ni Evaristo, mkono tu ndio wangu, maneno yote yafuatayo ni ya Obdulia. Anaomba baraka zako.

Amable ni mzima. Hilo kwanza. Barua yako ilipofika nilimnyakua na kutoka naye mbio, na hakuna aliyethubutu kunizuia. Daktari alimpaka dawa, na siku iliyofuata jicho moja likafunguka, kisha la pili. Anakula viazi. Anacheka. Ngozi ya mgongo inajiambua tu. Bi Fidelina amenyamaza, na hilo nalo ni dawa.

Jioni ile niliyotoka kwa daktari sikutaka kukaa nyumba moja na kile kitanda hata usiku mmoja. Nilimpeleka mtoto kwa shangazi wa Evaristo ng'ambo ya mto. Evaristo naye alikuwa shambani. Nikavaa magunia mikononi, nikakikata kwa shoka, nikakichoma uani. Kulikuwa na baridi, nikasogea. Nilitaka nikione kinavyoisha, kaka. Nilikuwa na hasira nacho kama na mtu. Nikachochea mpaka likabaki jivu.

Usiku macho yalianza kuwaka. Asubuhi nikafumba, na sijafumbua tena. Barua yako ya pili ililetwa mchana. Evaristo aliisoma kimya, akakaa chini, nami nikajua kabla hajanisomea.

Daktari anasema tungoje. Lakini yeye ni wa milimani kama sisi, huo mti hajapata kuuona, nimemsikia akimnong'oneza muuguzi. Mtoto analetwa mapajani, namshika uso, namhesabu meno kwa kidole. Naogopa kwamba sura yake niliyonayo ndiyo ile ya siku aliyovimba, na kwamba nitabaki nayo hiyo.

Wewe uliingiwa na sumu ile kabla yangu. Macho yako yamefunguka? Na Canelo? Usinidanganye ili nifurahi, kama ulivyozoea tangu utoto. Nijibu upesi.

Dada yako,
Obdulia

Miches, 25 Februari 1974

Evaristo,

Salamu baadaye. Kabla hujamsomea, mpe dada karatasi hii mkononi. Nimeandika kwa penseli yangu ya kupimia mbao na nimekandamiza kwa makusudi, ameizoea tangu nilipomchorea wanasesere. Mwache apitishe kidole.

Dada, umesema nisikudanganye. Canelo ana jicho moja. La pili limekwisha, limekuwa jeupe. Lakini yeye alilalia maranda yale siku nyingi, na mjinga mmoja akamwongezea mengine. Wewe ulikaa na moshi jioni moja. Ovidio anasema watu wa huku waliopatwa na moshi walifunguka, ila mmoja alichelewa sana, na hilo nalo nakuambia kwa kuwa umetaka ukweli. Naogopa kama unavyoogopa. Kesho napanda lori na Chago, barua hii itatangulia au tutafika pamoja. Sitaleta kitu chochote cha mbao.

Mimi nilikaa gizani mpaka nikaanza kuzoea kuhesabu hatua za kwenda chooni. Jumamosi niliona mwanga mlangoni. Jumapili nikaona masharubu ya Ovidio, nikamwambia ni mabaya kuliko nilivyokumbuka. Leo nimekaa dirishani peke yangu. Ovidio hayupo, yuko dukani kwake ananyoa watu.

Hapo chini nimeandika jina lako, herufi kubwa. Weka kidole ulifuate, kisha mwulize mumeo kama nimetoka nje ya mstari.

OBDULIA

Kaka yako,
Nicanor, kwa mkono wangu mwenyewe