Haikuwa Mvua

Jumapili, alasiri. Ukungu haujaondoka Nyeri tangu asubuhi, nami sijatoka nyumbani. Kanisani sikwenda. Nimewaambia nina homa, na huo ni uongo wangu wa pili wiki hii.

Wa kwanza niliusema jana, kwenye kipaza sauti, mbele ya jeneza.

Tulikuwa tunamzika Mama Gathogo kule Tetu. Gathogo ni kifungua mimba wake na rafiki yangu tangu shule ya msingi. Yuko ng'ambo, na makaratasi yake hayamruhusu kutoka na kurudi. Basi ikapangwa amuage mama yake kwa video, aonekane kwenye ukuta wa kanisa na asikike kwa spika. Mimi ndiye fundi wa mtandao wa kanisa, kazi ya kujitolea ninayojivunia kupita kiasi. Niliiambia familia isiwe na wasiwasi.

Alhamisi nilikuwa nimeweka seva ndogo ya DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba ambazo kompyuta zinaelewa. Ndani ya seva niliandika 127.0.0.1, anwani ambayo kila kompyuta hujiita nayo yenyewe. Hapo ni sawa, kwa kuwa seva inajiuliza na jibu inalo. Kisha, kwa haraka zangu, nikaandika anwani hiyo hiyo kwenye ruta, ambayo huzielekeza kompyuta nyingine zote mahali pa kuulizia. Nikajaribu kwenye seva, kila kitu kikafunguka, nikaenda zangu.

Kwa hivyo jana kompyuta ya kanisa ilikuwa inajiuliza yenyewe jambo isilolijua. Ni kama mtu apige hodi kwenye nyumba yake mwenyewe isiyo na mtu, asubiri kukaribishwa. Ukurasa wa video ukakataa kufunguka.

Taa ya ruta ilikuwa kijani, yaani mtandao wa kampuni ulikuwa unafika.

Niliiona. Hilo ndilo linaloniuma. Niliiona na bado sikutaka kukagua ile kazi, kwa sababu ilikuwa yangu. Nje mvua inanyesha, watu wanangoja, mchungaji ananitazama. Nikashika kipaza sauti nikasema kampuni ya mtandao imetuangusha, ni hii mvua.

Watu wakaguna kwa huruma. Mzee mmoja wa kanisa akawaombea hao wa kampuni msamaha kwa Mungu.

Baba mdogo wa Gathogo akajaribu kumpigia kwa simu yake, lakini data hapo bondeni haishiki. Tulisikia neno moja tu, "Maitu", yaani mama, kisha kimya. Tukaenda kaburini. Mchanga ambao angetupa kifungua mimba ukatupwa na baba mdogo. Wakati wa chakula, mama mmoja wa jikoni aliniongezea nyama, ati nimehangaika sana.

Niliila.

Baadaye nilirudi kanisani kukusanya vyombo. Kutoka kwenye kompyuta ile nikaita tovuti kwa namba, ikaitika. Nikaiita kwa jina, kimya. Nikajua papo hapo. Nikabadilisha anwani moja kwenye ruta, nikawasha kompyuta upya, na ukurasa wa video ukafunguka mbele ya viti vitupu.

Leo asubuhi Gathogo alinitumia ujumbe wa sauti: "Wacha kujilaumu, bana. Hiyo mvua ya huko naijua. Ulijaribu."

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ingefika mbali, maana pale kanisani hakuna ambaye angejua. Nikampigia. Nikamwambia yote, hata habari ya taa. Kisha akauliza:

"Kwa hivyo network ilikuwa?"

"Ilikuwa."

"Siku yote?"

"Siku yote."

Akasema anaenda kazini, akakata simu.

Jumapili ijayo nitaomba kipaza sauti kile kile niseme ukweli. Lakini hao wa kanisani watanisamehe haraka, nawajua. Ninachojiuliza tangu akate simu ni kingine. Gathogo alikuwa amejiandaa kumwambia mama yake nini? Sikuthubutu kumuuliza.