Kiberenge Chako Kimewekwa Ukumbini

Mpendwa baba,

Kiberenge chako, kile kigari cha kukagulia reli, sasa ni pambo. Mkuu mpya wa stesheni alikitoa kwenye nyasi nyuma ya ghala, akakipaka rangi, akakiweka katikati ya ukumbi ninakouzia tiketi, pamoja na kengele ya zamani na taa mbili za ishara. "Wananchi waone historia yao, Ndugu Karani," aliniambia. Hakujua ni chako. Sikumwambia.

Ulipokuwa mkaguzi wa reli, Jumamosi ulinipakia, ukasukuma, kisha ukarukia. "Shika ubao, usitazame magurudumu." Nilicheka mpaka kwikwi.

Masika yale uliondoka asubuhi kukagua njia upande wa Ugalla. Wenzako walikikuta kiberenge mchana kimesimama relini. Chakula chako kilikuwa bado kimefungwa kitambaani, kina joto. Kwenye matope ya pembeni hapakuwa na unyayo hata mmoja.

Mama alikataa matanga. Miaka kumi na mbili amekutengea chakula. Mwaka huu majirani wa Misunkumilo walipohamia kijiji cha ujamaa, yeye alibaki peke yake. "Baba yenu akirudi atatukuta wapi?" alituuliza sisi wanao.

Kiberenge kilipomaliza wiki ukumbini, mfagiaji wetu, Mama Joha, aliniita. Magurudumu yalikuwa na matope mekundu, mabichi, nasi tuko katikati ya kiangazi. Akayafuta. Kesho yake yakawapo tena. Abiria wakaanza kupita wakiambaa ukuta. Siku moja bibi mmoja wa Mpimbwe alisimama mbele ya ubao mtupu wa kukalia kwenye kiberenge, akatoa salamu, akangoja, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa vizuri. Akaja dirishani kwangu kukata tiketi.

Ndipo nikamleta Mama.

Aliketi kwenye ncha ya ubao wa kiberenge, akaacha nafasi ya mtu. Alizungumza Kipimbwe kwa sauti ya chini, akinyamaza mara kwa mara, akisikiliza. Mimi nilisikia saa ya ukutani tu. Kisha akainuka, akajifunga khanga upya.

"Amefika mbali, mwanangu. Anasema tusimngoje."

"Anasema?"

"Twende kwa padri."

Jumapili jina lako lilisomwa miongoni mwa marehemu kwa mara ya kwanza. Mama alilia kama mtu aliyefiwa jana, nami nikagundua kwamba sijawahi kukulilia. Nililia, baba. Kesho tunapakia sufuria na kitanda chake, amekubali kuhama.

Lakini nikuulize, maana hakuna mwingine wa kumuuliza. Padri alipomaliza, kanisa zima lilijibu "Amina." Halafu kutoka nyuma yetu mtu mmoja akajibu peke yake, amechelewa, kwa sauti yako. Ulikuwa wewe? Nilitaka kugeuka. Mama akanibana mkono.

"Usimtazame," alininong'oneza. "Mwache aende."

Sikutazama. Nenda, baba, na njia ikunyookee.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.