Kinanda cha Ndege wa Zambarau

South Beach, Durban

Kwako Baba Mchungaji Ruphin,

Nakusalimu kwa heshima kuu katika jina la Bwana. Natumaini kikohozi kimekuachia, na kwamba Mama amerudi kuongoza kwaya. Sisi tu wazima. Kaka Gaël sasa hujibu "sharp", yaani "sawa" ya vijana wa hapa, hata ninapomwita mezani.

Baba, shahada yangu ya historia imeanza kuzaa. Jumba dogo la makumbusho huko Berea limenikabidhi kazi ya kutafuta habari za Ndege wa Zambarau, kikundi cha vijana wa mji huu katika miaka ya sitini: gitaa zikivuma kama nyuki ndani ya debe, kinanda kikizungusha kichwa, maneno kama ya mtu anayeota. Walitoa santuri moja tu, yenye wimbo wa taa za bandari zilizoota mbawa, kisha wakasahaulika. Nami nimempata mwimbaji wao. Mzee Vernon Moodley anaishi mtaa wa Point, na Jumamosi hii ataimba tena mbele ya watu.

Tatizo lilikuwa kinanda, kwa kuwa mpigaji wao alikwisha fariki. Tulimwita kijana aliyehitimu muziki, naye akamweleza mzee kwa adabu kwamba wimbo anauanzia sauti ya chini kuliko ya kwenye santuri, tena anapanda katikati ya ubeti. Mzee akamjibu kwamba sauti ya miaka themanini hupita panapopitika, na kama anaipenda santuri basi akaioe. Kijana akaondoka. Mzee akavaa kofia yake, akatangaza kuwa shughuli imekwisha.

Ndipo nikaketi mimi. Najua, Baba, uliniapisha kwamba mikono yangu isipige kinanda nje ya madhabahu. Ndiyo sababu ninakuandikia. Alipoanza, nilimfuata. Alipopanda, nilipanda, alipopotea, nilimsubiri. Akavua kofia, akauliza nilisomea wapi. Nilimjibu kuwa nilisomea kwa baba yangu, ambaye hajapata kuanzisha wimbo mmoja mahali pamoja mara mbili.

Sitapiga bila baraka yako. Jumamosi saa kumi na moja jioni, kabla hatujaanza, Gaël atakupigia simu. Usipopokea, nitainuka, mzee aimbe peke yake. Ukipokea, nitajua umenibariki, na simu itaachwa wazi kando ya kinanda usikie; ila nakusihi usiimbe pamoja na mzee, maana vidole vyangu vitakufuata wewe.

Mfikishie Mama na wanakwaya wote upendo wangu. Mungu akulinde hadi Jumamosi, na baada yake.

Binti yako akutiiye,
Constance Kaneza, Mhitimu wa Historia