Kadi Mpya na Sauti ya Bibi Yako

Mjukuu wangu Zubeda,

Shikamoo yako imenifikia hapa Kilole; marahaba. Shangazi yako amekwenda Handeni kuvuna mahindi, nami goti bado linaniruhusu kufika msikitini.

Unasema umeweka kadi mpya ya kuunganishia diski kwenye kompyuta yako, na sasa diski yenye sauti ya marehemu bibi yako haionekani. Fundi anataka kuifuta aanze upya, nawe unaniuliza ukubali au ukatae.

Nilipokuwa kijana kiwandani Mnyuzi, tulifunga mota mpya kwenye mashine ya kuchakata mkonge. Mashine ikagoma. Nikaifungua yote, ingawa jana yake ilifanya kazi vizuri. Fundi mkuu alinikuta nimezungukwa na vyuma.

"Wewe, kwenu mgeni akifika, anayeulizwa habari ni nani?"

"Mgeni, mzee."

"Basi mbona unamhoji mwenyeji? Tena umemvua nguo!"

Wenzangu walicheka sana. Mota ilikuwa na kosa dogo, likarekebishwa siku ileile. Mashine niliyoifungua bila sababu haikurudi kuwa kama zamani.

Kwa hiyo kataa. Zima kompyuta, toa kadi mpya, rudisha ile ya kwanza, kisha tazama. Diski isipoonekana hata hivyo, niandikie kabla ya kugusa kitu kingine.

Ukiisikia sauti yake, nipigie simu. Usinisikilizishe siku hiyo. Niambie tu kwamba ipo.

Babu yako.