Mkono wa Shangazi

Zuhura mdogo wangu,

Salamu za baridi kutoka Songea. Jana nilimsindikiza shangazi kwenye mkutano wa mtaa hapa Lizaboni. Mwenyekiti, mzee wa heshima zake, alitaka uwanja wa watoto ujengwe maduka. Akasema, "Asiyekubali anyooshe mkono." Watu wakaangalia chini. Shangazi kajikunyata ndani ya kitenge, mkono haukutoka.

Nyumbani alilalamika mpaka chai ikapoa. Nikamuuliza mbona alinyamaza.

"Kesho ningemwamkia vipi, mwanangu?"

Leo asubuhi kampa mwenyekiti shikamoo yake vizuri tu, huku mafundi wanachimba msingi pale golini. Mimi mgeni sina kura hapa, ila roho inaniuma.

Nimekukumbuka. Mkiitwa mkutano huko Tunduru, mkono usibaki ndani ya khanga.

Kaka yako, Yusufu