Magodoro Uani kwa Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi

Ionosfia, lile tabaka la juu la anga, imechachamaa. Elektroni huko juu angani zimejaa kupita kawaida, na zimejaa hapa kwetu tu — juu ya ule ufa wa ardhi unaopita chini ya mji. Jua limetulia, siwezi kulisingizia. Nimepima upya, nimebadili antena, nimeomba data za kituo jirani. Kitu ni kilekile.

Nikampelekea Mwalimu. Ndiye mkuu wa kituo, ndiye aliyenifundisha kazi hii, na baba alipofariki ndiye aliyesimama mahali pake kwenye harusi yangu. Akaitazama grafu, akamalizia chai yake. Kelele za mitambo, akasema. Watu huona mambo angani kabla ya tetemeko, na lisipokuja tetemeko huyaona vilevile. Usiniletee unajimu.

Nikacheka naye. Kweli, hakuna aliyewahi kuthibitisha.

Jumanne, 5 Machi

Hospitali baada ya kazi. Mdogo wangu bado kalazwa wodi ya wazazi, ghorofa ya tatu. Mimba inamsumbua, haruhusiwi hata kusimama. Jengo la zamani, ukuta una mpasuko wa kutia kidole. Jirani yake wa kitanda anasubiri mapacha. Tumembatiza Kasuku maana hanyamazi. Leo kanisuka nywele huku akimteta mumewe tangu mwanzo hadi mwisho. Mbavu sina.

Ule mpasuko lakini. Nikampigia Mwalimu nikiwa koridoni: nimhamishe mdogo wangu? Mwanangu, akasema, kungekuwa na hatari ningekuficha wewe? Mwache alipo.

Nikamwacha.

Alhamisi, 7 Machi

Elektroni zimepanda tena. Uvumi wa tetemeko umefika mjini, sijui nani kaupeleka. Mwalimu katokea kwenye runinga: watu walale majumbani mwao, hakuna la kutisha. Sauti imetulia, tai imenyooka. Nilimwamini hata mimi, mwenye grafu mkononi! Nikalala fofofo.

Ijumaa, 8 Machi

Mwalimu hakuja kazini. Funguo za chumba cha mitambo anazo yeye, nikazifuata nyumbani kwake.

Uani — turubai. Magodoro yamepangwa chini yake, jiko la gesi pembeni, runinga juu ya ndoo. Mama yake kakaa kwenye kiti cha plastiki anachambua mchele. Karibu mjukuu wangu, akasema, sisi siku hizi wakimbizi. Tangu lini, bibi? Tangu Jumatatu jioni. Mwanawe kasema nyumba inapakwa rangi. Hata harufu ya rangi hamna.

Jumatatu. Siku ileile ya grafu.

Akatoka Mwalimu na kandambili zake. Aibu hana, na hilo ndilo linalonichoma. Akanieleza taratibu, kama darasani. Mimi nikitangaza, akasema, na tetemeko lisije, kituo kitafungwa na sisi tutakuwa kichekesho. Nikinyamaza likaja, nani atanilaumu? Sayansi yenyewe haijakubali. Ushahidi huna, na mimi sina.

Na magodoro?

Akanitazama kama nimeuliza la kitoto. Kwa mama yangu sihitaji ushahidi, akasema.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeyasema maneno haya tangu utotoni, leo ndiyo nimeyajua. Nilimwita baba mtu huyu. Mama yake kamtoa nje, mimi kaniambia nimwache mdogo wangu juu. Nina hasira mpaka meno yananiuma.

Jumamosi, 9 Machi

Ng'ambo ya ua wa hospitali kuna wodi ndogo ya bati, haina ghorofa. Kitanda kilichobaki ni kimoja. Muuguzi mkuu akataka sababu. Nilikwenda nimejiandaa kusema kweli, kweli kabisa. Nilipofungua mdomo nikasema shemeji kavunjika mguu, hawezi kupanda ngazi kumwona mkewe.

Akakubali. Tumeshamshusha mdogo wangu na machela, ananung'unika joto. Nimekaa kando yake naandika.

Kasuku alinisaidia kukunja nguo. Leo mumewe hakumteta. Nilipobeba mfuko wa mwisho akanishika mkono. Dada, akasema polepole, ulichomwambia muuguzi nimekisikia, na shemeji yako alikuwa hapa jana. Alipanda ngazi mbio. Na wewe unafanya kazi kule wanakopima mambo ya angani. Kuna nini?

Nikaiwaza kazi yangu. Nikawaza wodi nzima ikikimbilia ngazini, wanawake wasioruhusiwa hata kusimama. Nikawaza lisipokuja. Nikamwambia hamna kitu, mdogo wangu anapenda kudeka tu. Akacheka. Akaniamini, nilimwona usoni.

Mdogo wangu ananigusa bega. Anasema tazama pale juu, Kasuku yuko dirishani anatupungia mkono. Yeye anampungia. Ananiuliza mbona mimi sipungi.